Kitoazi cha Maalim Twalib

Wiki iliyopita nilipishana na mtu kwenye kichochoro cha Mkunazini, pale kinapobana mpaka mmoja lazima ageuke ubavu. Aligeuka yeye, kwa adabu zake, na alipogeuka akapumua. Tambuu. Popoo, chokaa na tumbaku iliyolala mdomoni tangu asubuhi. Ikabidi nishike ukuta. Na hapo hapo, mtanisamehe maana najua mambo haya mawili hayaendani, nikasikia saksafoni. Hakukuwa na redio karibu. Ilikuwa ndani ya kichwa changu, inapanda ngazi taratibu kama mzee mwenye maradhi ya magoti, na mwisho wa wimbo nikangoja sauti moja ndogo ambayo sitaki kuingoja tena maishani mwangu, na bado kila mara naingoja.

Mie si mtu wa kuandika. Nilisoma mpaka kidato cha pili nikaolewa, na ninachoandika huwa ni cha daftari langu tu, mvua imenyesha, fulani kajifungua. Hili nimelianza mara nne nikalichana. Sina hakika kama nakumbuka sawasawa, ila nitajitahidi nisimwonee mtu. Hasa yeye Maalim Twalib, kwa sababu nshamwonea mara moja na yatosha.

Nililelewa na bibi yangu, Bi Zuwena, ghorofa ya pili katika nyumba ambayo zamani ilikuwa yote ya wazee wetu na siku hizo tulikuwa tumebaki na vyumba viwili na nusu ya jiko. Bibi alikuwa na kinyaa kilichojulikana mtaa mzima. Hanywi chai nyumbani kwa mtu. Kikombe chake anakiosha kabla ya kunywa na anakiosha tena baada ya kunywa, kisha anakifunika kwa kitambaa asije nzi akakitazama. Akiona mtu katema mate njiani anainua buibui lake vidole vitatu kutoka chini na kuruka mahali pale kama msichana. Na mimi nikakua hivyo hivyo. Kinyaa nacho kinarithiwa, kama pua.

Redio yetu ilikuwa ya kaseti, kaileta mjomba kutoka Maskati. Mende waliipenda kwa joto lake wakahamia ndani. Ukiiwasha, dakika tano za mwanzo ilitoa harufu ya mende waliobabuka, tamu na chungu kwa pamoja, harufu ambayo ukishaijua huisahau. Bibi aliivisha redio kitambaa cha kufuma, akaipulizia marashi, ikawa inanuka mende aliyekwenda harusini. Lakini tulivumilia. Kila Jumamosi saa kumi, watu wakitoka kusali alasiri, tulikaa mbele yake, mimi na daftari langu, Bibi na leso yake puani.

Kipindi kiliitwa Jazi za Ng'ambo. Kwa asiyeujua mji wetu nieleze kidogo. Ng'ambo ni nchi za mbali, kuvuka maji. Lakini kwetu Ng'ambo ni pia upande wa pili wa mji, ukishavuka Darajani, ambao watu wa Mji Mkongwe wa rika la Bibi walikuwa wakiutaja kwa kukunja uso. Basi siku ya kwanza niliposema nataka kusikiliza Jazi za Ng'ambo, Bibi alinitazama kama niliyemletea panya.

"Kelele za Jang'ombe hazitutoshi zinazokuja na upepo? Tuziwashie na redio?"

"Ng'ambo ya Marekani, Bibi. Ulaya huko."

"Hata kama. Jazi ni ngoma ya walevi."

Mtangazaji alikuwa Maalim Twalib. Sijui kama aliwahi kusomesha darasani. Nadhani watu walimwita maalim kwa sababu ya ujuzi wake tu. Ujana wake aliupitisha melini, mpishi, na kila bandari aliyoshuka alinunua sahani za santuri badala ya nguo. Aliporudi akaajiriwa Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo ya serikali, kazi yake kuandika vibandiko vya miche: huu mdalasini, huu mlangilangi, umepandwa lini, mbegu imetoka wapi. Na muziki aliutangaza vivyo hivyo, kama anayekuonesha mche. Huyu anayepiga zumari nyeusi kajifunza kwa nani, na aliyemfunza yeye kajifunza kwa nani. Sahani hii ilirekodiwa chumba kidogo mpaka mpiga ngoma akawekwa nje ya mlango, ndiyo maana mnamsikia kwa mbali. Yule wa tarumbeta hapa ana mafua, sikilizeni anavyovuta pumzi.

Alitwambia, "Nyinyi mnajua taarabu. Mnamjua mpiga kanuni anapoanza taksimu peke yake, wenzake wamemnyamazia? Basi hawa ninaowapigia leo nao ni watu wa taksimu. Tafauti yao na sisi, wao hawaombi ruhusa."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari. Jumamosi iliyofuata kiti cha Bibi kilikuwa kimesogea karibu na redio. Alisema amesogea kwa ajili ya upepo.

Sauti ya Maalim ilikuwa nzito na yenye majimaji, maneno yakitoka kama yamechovywa. Tulidhani ndiyo sauti ya kisomi. Na mwisho wa kila wimbo, muziki ukishafifia, kabla hajasema neno, ilikuja ile sauti yangu. Tng. Mara moja tu. Ndogo, safi, kama mtu kagusa toazi, kile kisahani cha shaba cha wapiga ngoma, kwa ukucha. Tng, kisha kimya kidogo, kisha, "Naam, wasikilizaji."

Niliipenda kuliko muziki wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikujua kusema kwa nini. Ilikuwa kama nukta mwisho wa sentensi. Nikaanza kuipiga mwenyewe kwa kijiko na gilasi, nikimaliza kuimba, nikimaliza kula, nikimaliza juzuu chuoni mpaka mwalimu akanipokonya kijiko. Kwenye daftari niliandika: "Mpiga kitoazi huyu yumo katika bendi zote. Lazima ni mtu mkubwa sana." Niliandika hivyo bila shaka yoyote. Mtanicheka, na mna haki.

Kisha nikamwandikia barua. Hii ndiyo sehemu ninayoirudia usingizini, kwa hivyo naikumbuka neno kwa neno. "Maalim Twalib, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa Mkunazini, mtoto wa kike. Yule bwana anayepiga kitoazi mwisho wa kila wimbo, mara moja tu, jina lake nani? Na kwa nini wengine wote unawataja na yeye humtaji?" Bibi aliisoma, akasahihisha herufi mbili, akasema swali lina adabu. Tukaipeleka.

Ilipita Jumamosi moja, ya pili akaisoma. Niliposikia "Mkunazini" nilishika mguu wa Bibi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Maalim ndani ya redio. "Swali lako limenitia aibu. Miaka yote hii sikukisikia kitoazi hicho. Nitakitafuta."

Na kweli akakitafuta, hadharani, watu wote wa Unguja wakisikiliza. Alipiga sahani ile ile mara mbili. "Nimeisikiliza nyumbani mara saba," akasema, "leo tuisikilize pamoja." Muziki ukaenda mpaka mwisho, ukafifia. Tng. "Naam. Hakuna, wasikilizaji. Mimi sijakisikia."

"Hicho hapo!" nikaipigia redio kelele. "Bibi, si umekisikia?"

"Nimekisikia," alisema Bibi, na leso ikashuka puani kidogo. "Huyu mtu ana nini?"

Jumamosi mbili akawa hivyo, anatafuta, hakipati, na kila akisema hakipo kinalia kabla hajasema. Ya tatu sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. Akasema msikilizaji wake wa Mkunazini ana sikio kuliko lake, na akaomba, ikiwa wakubwa wangu wataridhia, niletwe nyumbani kwake Jang'ombe nimwoneshe kitoazi kilipo. Vipindi alikuwa akivirekodi kwake, maana hakutaka sahani zake zisafiri zikachubuke. Kanda ndiyo iliyokuwa ikipelekwa redioni.

Nilidhani Bibi atakataa. Ng'ambo hakuwa akienda ila kwa maiti. Lakini alisema, "Mtu ametuita kwa jina la mtaa wetu, watu wote wakisikia. Tusipokwenda tutaonekana hatukulelewa." Akafukiza leso mbili kwa udi, moja yake moja yangu, tukashika njia kwa miguu kupitia Kisiwandui, jua la alasiri linatupiga shingoni, yeye akiinua buibui vidole vitatu kila hatua ya tano.

Nyumba ya Maalim ilikuwa ya chini, bati limeota kutu, uwanja umefagiliwa. Nataka kusema hilo kwa haki, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Tukapiga hodi.

"Karibuni, karibuni. Ndiye huyu?"

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu." Akacheka, na hapo ndipo nilipouona mdomo.

Sijui niuelezeje bila kumdhulumu. Ulikuwa mwekundu ndani kama jeraha. Meno yaliyobaki yalikuwa na rangi ya kutu, mengine meusi kwenye mizizi, na pembeni mwa midomo palikuwa na ukoko, mkavu juu mbichi chini, uliopasuka kila aliposema. Kipande cha jani kilining'inia kwenye jino kikicheza na maneno. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima ndani ya sauti ile, nimemfikiria mwenye nayo amevaa kanzu nyeupe na ananukia halwaridi. Kanzu alikuwa nayo. Kifuani ilikuwa na vidoadoa vyekundu, vya zamani na vya leo.

Chumba kilijaa sahani kutoka chini mpaka dirishani, kila moja ina kibandiko, mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wangu yeyote. Kulikuwa na meza, santuri, kinasa sauti, na maikrofoni iliyofungwa kwenye kijiti kwa kamba ya usumba wa nazi. Na chini ya meza, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, kulikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga.

Sikulitilia maanani kopo. Nilikuwa nashughulika na harufu. Tumbaku, unyevu wa sahani, na kitu kingine kichachu kilichokaa siku nyingi. Leso ya udi nilikuwa nayo mkononi, na Bibi alinifinya nisithubutu kuiweka puani.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema Maalim, akanivutia kiti karibu na santuri. "Nataka unisaidie. Na nikwambie ukweli, Bi Zuwena, mbele yako. Nimeshindwa kulala. Mtu akiwa hasikii kilichomo katika sahani zake mwenyewe, atawasomesha nini watu? Ikiwa mtoto huyu ananionesha nami bado sisikii, basi masikio yangu yamekwisha, na kipindi nakiacha. Sitaki kuwadanganya watu."

"Mungu akuhifadhi, Maalim," alisema Bibi.

"Wewe sikiliza tu," akaniambia. "Kitoazi kikilia, nyanyua mkono. Usiseme kitu. Mkono tu."

Akaiweka sindano. Ulikuwa ule wimbo wa saksafoni inayopanda ngazi. Maalim alifumba macho, shingo kaielekeza upande, na kwa haki yake niseme uso wake wakati ule ulikuwa mzuri, mdomo umefungwa, unatafuna polepole. Saksafoni ikafika juu, ikasimama, ikafifia. Yeye akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayemwamkia jirani, akatema.

Ulikuwa mtemo wa fundi. Mate yalikwenda hatua mbili bila kupinda, na ndani yake kipande cha popoo, kikagonga ubavu wa kopo.

Tng.

Na mkono wangu ukanyanyuka.

Mimi sikuunyanyua. Ulinyanyuka wenyewe, kama ulivyofunzwa. Ulikuwa juu hewani na mimi natazama kopo. Uzi mwekundu ulikuwa unateremka nje yake, unaning'inia, haukatiki. Mdomo wa kopo ulikuwa na tabaka juu ya tabaka, jekundu, kahawia, jeusi, na nzi watatu wametulia kama walio kwao.

"Wapi?" alisema Maalim, macho yamefumbuka. "Sasa hivi?"

Nikaushusha mkono. Mate yalinijaa mdomoni, yangu mwenyewe, na nikaona kinyaa hata kuyameza.

"Nimekosea, Maalim."

"Hukukosea. Umenyanyua." Alinitazama. Nadhani alinitazama mimi, kisha mkono, kisha mahali nilipokuwa nikitazama. Siwezi kuapa. "Tuirudie."

Akairudia. Mara hii niliukalia mkono wangu wa kulia, nikaubana chini ya paja mpaka ukafa ganzi. Wimbo ukafifia. Maalim hakutema. Alikaa na shavu limejaa, akameza kitu, kooni kukatoka mlio ambao sitausema.

"Hukukisikia mara hii?"

"Sikukisikia."

"Wewe je, Bi Zuwena? Ulikisikia mara ya kwanza?"

Bibi, ambaye aliweza kusikia mende akitembea ndani ya kabati, akasema, "Mie masikio yangu mazito siku hizi, Maalim."

Maalim akasimama, akaleta haluwa kwenye kisahani, akanimegea pande kubwa kwa vidole, dogo akabaki nalo. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, na kucha zimeshika chokaa. "Kula, mwanangu. Umekuja mbali." Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikasema ahsante, nikaifumbata. Mafuta yakaanza kunitoka baina ya vidole. Tulipoaga na kufika kwenye kona ya uwanja wake niliitupa. Niliitupa mbali, kwa nguvu, na nikafuta kiganja kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. Sijui kama alikuwepo dirishani. Sikugeuka kutazama, na hilo nalo ni kosa, maana ningegeuka ningejua.

Bibi akaniongoza mpaka Kisiwandui. Pale akasimama, akajishika kifua, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na hata kicheko chenyewe alikuwa anakionea kinyaa.

"Ya Rabi. Kitoazi! Mwaka mzima tunasikiliza kitoazi! Na wewe ukakipigia gilasi yangu!"

"Nitamwandikia, Bibi. Nimwambie."

"Utamwambia nini? Utamwandikia mtu mzima, Maalim, bendi zako zote zinamaliza kwa mate yako? Thubutu, nikukate ulimi."

"Lakini ataacha kipindi."

Hapo akaacha kucheka. "Ndiyo," alisema. "Ataacha." Akainua buibui vidole vitatu, tukaenda.

Usiku ule niliosha mikono mpaka ikakunjika. Kisha nikaosha masikio kwa sabuni. Bibi aliniona wala hakunizuia, akanimiminia maji. Nilihisi yote yale yalikuwa yameingia ndani yangu kwa njia ya masikio, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mimi nimeyapenda, nimeyaandika, nimeyaiga mbele ya watu. Daftari sikulishika tena kwa mkono, nililisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Nisiwadanganye kwamba nilimsikitikia. Wiki ile nilikuwa na siku saba za kumwokoa kwa neno moja, na nilianza barua kweli. Niliandika, "Maalim, masikio yako ni mazima. Kile kitoazi ni..." Neno lililobaki lilikuwa na herufi nne. Kalamu haikuweza. Nikasema adabu ya Bibi imenikataza, na kwa kiasi ni kweli. Lakini naijua nafsi yangu. Kilichonizuia ni kinyaa. Sikutaka neno lile lipite kwenye vidole vyangu.

Jumamosi ikafika. Bibi akaiwasha redio, mende wakanuka, mimi nikatoka nikakaa ngazini nimegeuza mgongo. Nilimsikia Bibi akibonyeza vile vibonyezo viwili vya kurekodi, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu. Nikasikia nyimbo, nusu nusu. Mwisho nikasikia Maalim akiaga. Alisema masikio yake yamezeeka, na mtu asiyesikia hana haki ya kusikilizisha wengine. Alisema mtoto wa Mkunazini hakukosea, kitoazi kipo. Nikajisemea, zee zima hilo, limekuwa mjinga mpaka linaamini kitoazi ambacho ni mate yake lenyewe. Nilijisemea kwa maneno hayo hayo. Nikahisi nafuu, kama mtu aliyemaliza kutapika.

Kipindi hakikurudi. Jumamosi saa kumi wakaweka salamu za wasikilizaji. Maalim sikumwona tena, na nilisikia kifo chake kwa kuchelewa, nikiwa nishaolewa, niko Chwaka kwa wakwe.

Bibi alipofariki, miaka ya elfu mbili imeshaingia, nilifungua sanduku lake la msaji ili tugawe vitu. Kati ya kanga zilizokunjwa nilikuta kanda moja, imefungwa ndani ya leso, leso bado ina udi. Juu yake kaandika kwa mwandiko wake wa kuchora: Maalim, mwisho. Bibi yangu mimi, aliyekiosha kikombe ambacho nzi kakitazama, alikuwa ameiweka kanda ile baina ya nguo zake za sala.

Nikaiweka kwenye redio. Wimbo wa kwanza ukaenda, ukafifia. Nikajikaza kuingoja ile sauti. Haikuja. Kulikuwa na kimya, kisha, "Naam, wasikilizaji." Nikadhani kanda imeliwa. Wimbo wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile. Na sauti ya Maalim haikuwa na majimaji. Maneno yalitoka makavu, yamekatwa vizuri, yanatetemeka kidogo, kama mtu anayetembea bila mkongojo wake. Hakuwa na kitu mdomoni.

Basi alikuwa anajua. Mkono wangu ulimwambia siku ile ile, ulipopanda sambamba na mate yake, na macho yangu yakamalizia. Alijua watu wa kisiwa kizima wamemsikia akitema kwa miaka, na kwamba wawili kati yao wamekaa chumbani mwake wakamwona. Na kuhusu masikio, alijua yalikuwa mazima kabisa. Aliyasingizia. Aliyasingizia ili mimi nisibaki kuwa mtoto aliyesikia kisichokuwepo, na ili Bibi asibaki kuwa mwongo.

Ilikuwepo sehemu ambayo ngazini sikuisikia, au niliisikia nisiipokee. Inakuja mwishoni, baada ya kuaga.

"Mwanangu wa Mkunazini, uliniuliza jina la mpiga kitoazi na kwa nini simtaji. Nimempata. Ni mzee mmoja tu wa huku Ng'ambo, hana jina kubwa. Alikuwa akipiga bila kujua kama watu wanamsikia. Leo amestaafu. Alikuwa na haya, ndiyo maana hukumwona vizuri. Msamehe."

Huku Ng'ambo, alisema. Mtoto wa ngazini, kama alisikia, alisikia ile Ng'ambo ya Marekani. Bibi, aliyekaa mbele ya redio na kidole kwenye kibonyezo, alisikia Jang'ombe.

Sitaki kusema kwamba tambuu sasa yaninukia vizuri. Wiki iliyopita nimeshika ukuta, nimewaambia. Kinyaa changu kiko pale pale. Ila zamani nilikuwa nakiona ni usafi, na siku hizi nikijitazama kiganja naiona haluwa ile, inavyong'aa kwa mafuta, na vidole vya mtu aliyenimegea pande kubwa kuliko lake. Hicho ndicho kinachonitapisha zaidi, na hicho maji hayakitoi.

Baada ya maneno yale Maalim alipiga wimbo mmoja wa mwisho, ule wa ngazi. Sikuutambua mpaka ulipofika nusu. Ukapanda, ukasimama, ukafifia. Kanda ikaendelea kuzunguka, kimya, kiasi kile kile cha mtu kugeuza kichwa na kukirudisha. Aliiacha nafasi ile wazi. Niliingoja ile sauti mpaka kanda ikaisha, na nilipotaka kuinuka kuizima redio nikakuta mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Nilikuwa nimeukalia.